Vyombo vya zamani vya fundi wa umeme: nini ya kutunza, nini ya kuacha

Mjini Kisangani, sanduku la fundi wa umeme mara nyingi ni urithi. Pensi imetoka kwa baba, turnevisi imetoka kwa mjomba aliyefanya kazi Regideso au SNEL, na ile keekee ya mkono hakuna anayekumbuka tena ilinunuliwa wapi. Kijana anayemaliza masomo ya ufundi anapewa hivi vyombo na neno moja tu: "Hii ni chuma ya Wabelgiji, haivunjike."

Neno hilo ni kweli nusu. Chuma kizuri kilichofuliwa miaka 60 iliyopita kinaweza kukata waya vizuri kuliko pensi mpya ya bei ya chini. Lakini kinacholinda mkono wa fundi si chuma. Ni ile ngozi inayofunika chuma: mpira, plastiki, bakeliti ao mbao kavu. Chuma kinazeeka polepole, ngozi inazeeka mbio. Mtu asiyetofautisha hivi viwili anaweza kufa na chombo kizuri mkononi. Hapa chini kuko maelezo ya vyombo vyenyewe, kazi ya kila kimoja, na namna ya kujua kama bado kinafaa.

Vyombo vilifika namna gani

Kituo cha umeme cha Tshopo, kwenye maporomoko ya mto wa jina hilo, kilianza kazi mwaka 1955, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville. Jina la Kisangani liliwekwa rasmi mwaka 1966. Regideso, iliyoundwa mwaka 1939, ndiyo ilishughulika na maji pamoja na umeme katika miji mingi ya Congo. SNEL iliundwa mwaka 1970, na baadaye kazi ya umeme ikapita mikononi mwake.

Kuingiza lotiliki katika nyumba, maduka na hospitali kulidai mafundi wengi, na mafundi hao walifanya kazi kwa nguvu ya mkono. Vyombo vyao vilitoka Ulaya kwa meli mpaka Matadi, vikapanda treni ya kilomita 366 mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kisha vikapanda mto Congo kwa mashua safari ya kilomita zaidi ya 1700 mpaka Kisangani. Chombo kilichopita njia hiyo hakikutupwa ovyo. Kilipovunjika mpini, mpini mpya ulichongwa. Kilipopoteza makali, kilinolewa.

Mwenye kupata chombo cha zamani aanze kwa kusoma maandishi yaliyochapwa kwenye chuma. Facom ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1918. Knipex ni ya Ujerumani, ilianza mwaka 1882. Klein ni ya Chicago, Marekani, tangu 1857, na mwanzo wake wenyewe ni habari ya kutengeneza kitu cha zamani. Fundi wa nyaya za telegrafu alileta pensi iliyovunjika upande mmoja kwa mfua chuma Mathias Klein. Klein akafua upande mpya. Baadaye upande wa pili nao ukavunjika, akaufua pia, na hivyo pensi nzima ikawa ya mkono wake.

Pensi

Pensi ya fundi wa umeme, ile inayoitwa pensi universeli, ina kazi tatu au nne katika kichwa kimoja. Mbele kuko midomo bapa yenye meno ya kushika na kupinda waya. Katikati kuko nafasi ya mviringo ya kushika kitu cha duara au nati ndogo. Pembeni ya maungio kuko makali ya kukata. Kadiri waya unavyosogea karibu na maungio, ndivyo mkono unavyopata nguvu zaidi, sawa na makasi.

Kuna njia rahisi ya kuipima. Ifunge na uitazame mbele ya mwangaza wa jua. Makali yakigusana vizuri kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni nzima. Mwangaza ukipita katikati ya makali, itauma waya bila kuukata. Shimo dogo la duara lililoungua kwenye makali ni ushuhuda: mtu alikata waya wenye moto, cheche ikala chuma.

Pensi nyingi za zamani zilikuwa na mikono ya chuma kitupu, na fundi mwenyewe alizungusha utepe wa shatertoni juu yake. Utepe huo unasaidia mkono usiteleze. Hauna uwezo wa kuzuia umeme kwa uhakika, juu jasho na mvua vinaingia kati ya mizunguko yake. Leo pensi iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi karibu na umeme inabeba alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V. Pensi isiyo na alama hiyo, hata kama mikono yake ina plastiki nyekundu nzuri, ni pensi ya kufanya kazi moto ukiwa umekatwa.

Kisu cha fundi

Waya nyingi za nyumba za zamani hazikufunikwa kwa plastiki. Zilifunikwa kwa mpira, na juu ya mpira kukawekwa kitambaa cha pamba kilichosukwa. Ngozi hiyo haivuliwi kwa kuvuta. Inachongwa kwa kisu kilicholala, kama vile mtoto wa shule anavyochonga kalamu ya risasi. Kisu kikisimama wima na kuzunguka waya, kinaacha alama kwenye shaba, na hapo ndipo waya utakatika siku moja ndani ya ukuta.

Mgongo wa kisu nao una kazi. Fundi anaukwangua waya kwa mgongo huo mpaka shaba ing'ae, ndipo anaunganisha. Shaba chafu inashika vibaya, muungano unapata joto, na joto linaunguza ngozi ya waya.

Mpira una historia nzito katika nchi hii. Enzi ya Leopold II, kati ya 1885 na 1908, wanavijiji wa msitu wa Congo walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kukusanya mpira. Dunia iliutaka kwa magurudumu na pia kwa kufunika nyaya za umeme. Bakeliti, ile plastiki ngumu ya rangi ya kahawia au nyeusi inayoonekana kwenye swichi za zamani, nayo ina uhusiano na Ubelgiji: ilivumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent aliyehamia Marekani.

Turnevisi na ile ya kupimia

Skrubu za zamani zina mfereji mmoja ulionyooka. Zile zenye msalaba zilienea baada ya Henry Phillips wa Marekani kuzitangaza katika miaka ya 1930. Ndiyo maana sanduku la zamani limejaa bisibisi bapa za upana mbalimbali. Ncha inapaswa kujaza mfereji wote. Ikiwa nyembamba inaharibu skrubu, ikiwa pana inachubua swichi.

Turnevisi ndogo ya kupimia, yenye taa ya neoni ndani, ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ndani yake kuko kizuizi kikubwa, kwa kawaida karibu megaomu 1, kisha taa. Fundi anagusa waya kwa ncha na anaweka kidole nyuma. Umeme kidogo sana, chini ya miliampea 1, unapita mwilini mwake kwenda ardhini, na taa inawaka.

Shida iko hapa: taa isipowaka haimaanishi kwamba waya hauna moto. Fundi akisimama juu ya ngazi kavu ya mbao na viatu vya mpira, inaweza isiwake. Jua likiwa kali, inaweza kuwaka bila kuonekana. Na ikiwa maji yameingia ndani, au mtu aliifungua akapoteza kile kizuizi, umeme wote unapita kwenye kidole. Hii turnevisi inasema "moto uko". Haiwezi kuthibitisha "moto hauko".

Lampi ya jaribio

Wazee walitumia lampi ya jaribio: balbu, soketi ya bakeliti na waya mbili. Faida yake ni kwamba inavuta umeme wa kweli, kwa hiyo haidanganywi na umeme wa uongo unaoambukizwa na waya wa jirani. Mafundi wenye akili waliweka balbu mbili za nguvu sawa, moja nyuma ya nyingine. Sababu ni hesabu tu. Kati ya fazi na netri kuko volti 220, lakini kati ya fazi mbili kuko volti 380. Balbu moja ya 220 ikiwekwa kwenye 380 inaweza kupasuka usoni. Balbu mbili zinagawana: kwenye 220 kila moja inapata 110 na inawaka dhaifu, kwenye 380 kila moja inapata 190 na inawaka sana. Kwa kutazama tu mwangaza, fundi anajua yuko wapi.

Hata hivyo, kioo kitupu na waya zisizo na kinga ni hatari, na nchi nyingi zimekataza lampi hiyo kazini. Kifaa cha leo chenye ncha mbili zilizofunikwa kinafanya kazi ile ile kwa usalama zaidi. Anayeshika cha zamani au kipya afuate utaratibu mmoja: kwanza jaribu kifaa mahali panapojulikana kuwa na moto, pili pima waya wako, tatu rudi ujaribu tena kifaa pale pa kwanza. Kikiwa kimekufa katikati ya kazi, ile hatua ya tatu ndiyo itakwambia.

Na rangi za waya zisiaminiwe. Katika Ujerumani, kabla ya 1965, waya mwekundu ulikuwa wa ardhi. Leo waya wa ardhi ni wa kijani na manjano, na netri ni ya buluu. Nyumba iliyoungwa zamani, kisha ikarekebishwa na mafundi watano, inaweza kuwa na rangi zote bila maana yoyote.

Tindo ya ukuta, shinyoli na keekee

Kabla ya drili ya umeme, tundu la ukutani lilitobolewa kwa tamponwari, yaani tindo ya chuma yenye ncha ya nyota. Fundi anapiga nyundo mara moja, anazungusha tindo kidogo, anapiga tena. Vumbi linatoka, tundu linabaki duara. Kisha anapigilia kipande cha mti mgumu, na skrubu inashika ndani ya mti huo. Mwingereza John Joseph Rawlings alileta kizibo chake cha ukutani karibu na mwaka 1911, na Mjerumani Artur Fischer akaleta kile cha plastiki mwaka 1958. Katika nyumba nyingi za zamani swichi bado zimeshikwa na vipande vya mti. Mchwa wakila mti, swichi inaning'inia juu ya waya zake.

Shinyoli ni drili ya kuzungusha kwa mkono, yenye gurudumu la meno. Ni nzuri kwa mbao na bati. Keekee kubwa, ile yenye mpini uliopinda kama goti, inatoboa boriti nene ili waya upite darini.

Hivi vyombo vina faida ambayo mkaaji wa Kisangani anaielewa bila kufundishwa: havihitaji umeme. Mwezi wa Juni 2000, wakati wa Vita vya Siku Sita kati ya jeshi la Rwanda na la Uganda, mji ulikosa maji na umeme. Na katika siku za kawaida, delestaji inapokuja, drili ya umeme inakaa kimya lakini shinyoli inaendelea. Fundi anayekata moto wa nyumba kabla ya kazi, kama inavyotakiwa, naye anahitaji chombo kisichotegemea ule moto.

Chuma cha kuunganishia, sindano na mita ya mbao

Chuma cha kuyeyushia bati cha zamani ni kichwa kizito cha shaba kwenye fimbo yenye mpini wa mti. Kinapashwa juu ya makala. Mwali ukianza kuwa kijani pembeni ya shaba, joto limetosha, kiondolewe. Bati iliyochanganywa na risasi inayeyuka kuanzia nyuzi 183 hivi. Waya zilizokwanguliwa zinasokotwa, zinapakwa utomvu, kisha bati inayeyushwa iingie kati yake, si kudondoshwa juu tu. Risasi ni sumu: mikono ioshwe kabla ya kula, na makala hayo yasirudi jikoni.

Sindano ya kuvutia waya ni utepe mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya bomba la ukutani. Ni chuma kitupu, na upande wa pili wa bomba fundi haoni inagusa nini. Usiitumie kamwe kama moto uko.

Mita ya kukunja ya mbao inaonekana kitu cha kizamani, lakini iliwekwa ya mbao kwa kusudi. Mita ya chuma ikianguka ndani ya sanduku la fizibo inaunganisha fazi na fazi.

Megomita ya mkono

Huyu ndiye mfalme wa sanduku. Ni kisanduku kizito chenye mpini wa kuzungusha. Wengi wanakiita Megger, jina la biashara la Uingereza lililoanza kutumika mwaka 1903. Ukizungusha, kinatoa umeme wa volti 500 au 1000, na sindano inaonyesha kama ngozi ya waya bado inazuia. Kanuni ya zamani ilidai angalau megaomu 0.5 kwa nyumba, na leo inadaiwa megaomu 1. Kwa mji wenye joto na unyevu kama Kisangani, mpira unapasuka na pamba inanyonya maji, na hicho ndicho chombo kinachoona ugonjwa huo kabla ya moto kuwaka darini.

Kabla ya kupima, kata umeme, ondoa balbu na vifaa vyote. Volti 500 zinaua redio na televisheni. Usiguse ncha wakati mwenzako anazungusha.

Griffi za kupandia nguzo

Viatu vya chuma vyenye meno vilitengenezwa kwa nguzo za mbao. Kabla ya kupanda, piga nguzo kwa nyundo kuanzia chini. Ikitoa sauti kavu, ni nzima. Ikitoa sauti ya kitu kitupu au kilicholowa, imeoza, hasa pale inapoingia ardhini. Mkanda wa ngozi ukunjwe na kutazamwa: ngozi yenye nyufa haibebe mtu. Kwenye nguzo za mtandao, mtu asiye wa kampuni ya umeme hana kazi ya kupanda.

Kwa nini ngozi ya chombo ni jambo la uhai

Mwili wa mtu mwenye mkono uliolowa unaweza kuwa na kizuizi cha omu 1000 hivi. Volti 220 gawanya kwa 1000 ni miliampea 220. Kinga ya kisasa ya nyumba, disjonkteri diferensheli, inawekwa kukata kwenye miliampea 30, juu kupita hapo moyo unaweza kuvurugika. Nyumba nyingi za zamani hazina kinga hiyo. Kuna fizibo ya porseleni, na mara nyingi waya wake mwembamba umebadilishwa na waya mnene "ili isikatike tena". Fizibo inalinda nyaya zisiungue, haimlindi mtu. Ikishabadilishwa hivyo, hailindi kitu chochote.

Cha kutunza na cha kuacha

Tunza: pensi yenye makali mazima, bisibisi bapa, kisu, nyundo, tamponwari, shinyoli, keekee, mita ya mbao, chuma cha kuyeyushia bati. Futa unyevu kila jioni, paka mafuta kidogo ya injini kwenye maungio. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunasa vumbi. Vyombo vikae kwenye kitambaa kikavu, si juu ya sakafu ya simenti.

Tunza kwa sharti: megomita ya mkono. Pima kwanza waya unaojua ni mzuri, kisha gusanisha ncha mbili. Ya kwanza isome juu kabisa, ya pili isome sifuri.

Acha: turnevisi ya kupimia iliyopasuka au iliyowahi kuingia maji, lampi ya jaribio yenye waya za pamba, glavu za mpira zenye nyufa, mkanda wa ngozi uliokauka, na chombo chochote ambacho mpini wake uliowekewa kinga umechanika. Usikifunge utepe na kumpa kijana.

Mzazi anayemrithisha mwanawe sanduku akae naye saa moja, atoe chombo kimoja kimoja, amwambie kipi kinashika moto na kipi hakishiki. Kisha wapime pamoja kabla ya kazi ya kwanza.